Fremu Tisini za Wifi

Nyumbani kwao walimwita Fundi, ingawa kazi yake ilikuwa kukata vioo vya miwani. Kutwa aliinama kwenye mashine ya kusagia, nyuma ya duka, akipunguza kioo kidogo kidogo mpaka kikae mahali pake bila kulazimishwa. Jina la Fundi lilitokana na mambo ya nyumbani: simu iliyozama kwenye ndoo, redio ya Mama, pasi ya jirani, vyote vilipelekwa kwake. Mtu akisema kompyuta imemgomea, jibu la ukoo mzima lilikuwa moja: "Mpelekee Fundi."

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, hajaolewa wala hana haraka. Furaha yake ya wiki ilikuwa Jumapili mchana, sebuleni kwa Mama, akicheza mbio za magari kwenye laptopu na mdogo wake wa mwisho, ambaye wote walimwita Kitinda. Yeye ndiye aliyemfundisha mchezo huo Kitinda akiwa na miaka tisa, miguu haijagusa sakafu akiketi kitini. Walikua wakicheza pamoja. Kila mwaka ukumbi wa vijana wa mtaani kwao uliandaa mashindano ya watu wawili wawili, na kwa miaka sita mfululizo timu yao ilikuwa Dada na Kitinda. Mara moja walitwaa kikombe.

Kisha Kitinda akaoa.

Mkewe alikuwa mchora ramani za majengo, mtu asiyeweza kuona meza bila kukisia urefu wake, ndiyo maana shemeji zake wakambandika jina la Rula. Fundi alimpenda, tusimsingizie. Rula alipotaka laptopu ya kuchorea, ni Fundi aliyemchagulia. Alimchagulia aina ileile aliyokuwa nayo yeye, si ya kifahari wala si ya kubahatisha, laptopu ya katikati yenye kadi ya picha ya kutosha kazi na mchezo. "Hii haitakuangusha, wifi," alimwambia, na alimaanisha.

Mambo yaliharibika Jumapili moja Rula alipoomba naye ajaribu. Alikaa pembeni ya mumewe, akaiinua laptopu yake kwa kuweka vifutio viwili chini, akaingia mbioni. Mzunguko wa kwanza aligonga ukuta. Wa tatu alikuwa anazikata kona kama anazipima.

Kitinda aliinama kutazama namba ndogo kwenye pembe ya skrini, ile inayoonyesha kompyuta inachora picha ngapi kila sekunde. Wachezaji huziita fremu. Zikiwa nyingi gari linateleza, zikiwa chache linarukaruka.

"Tisini na moja!" alipiga kelele. "Dada, yako inatoa ngapi?"

Fundi alikuwa anaijua ya kwake vizuri kuliko alivyojua uzito wake. "Sitini hivi."

"Hamsini na nane," Kitinda alisoma, ameshanyoosha shingo. "Lakini si ni laptopu zilezile?"

"Wifi, umefanya nini?" Fundi aliuliza, akitabasamu kwa meno tu.

"Sijafanya kitu. Nimeipunguzia umeme kidogo."

Fundi aliona anadhihakiwa. Nani anapunguza umeme ili kitu kiende mbio? Mama, aliyekuwa anakunja nguo kwenye kochi, akatania: "Basi huyu wifi ana kasi kuliko ile waifai yenu." Wote walicheka. Fundi alicheka pia, kisha akaitazama tena namba yake.

Wiki ile hakuwa na raha. Akiwa kazini alikata kioo cha mteja kikapungua milimita mbili, kosa ambalo hakuwa amelifanya tangu mwaka wake wa kwanza. Kila jioni akitoka alikuwa na kazi moja, kuikimbiza kadi yake ya picha kupita kiwango ilichowekewa kiwandani. Kuna programu ndogo kwa kazi hiyo, ina mshale wa kusogeza kulia. Alisogeza kidogo, akacheza, akapata sitini na mbili. Akasogeza tena, sitini na sita. Akasogeza mara ya tatu. Feni ikaanza kuvuma kama jiko la kupulizia, kibodi ikachoma vidole, joto likafika nyuzi tisini na nne. Hakujali. Alichokiona mbele yake ni ile namba ya Rula.

Jumapili iliyofuata, katikati ya mbio, mistari ya kijani ilichana skrini yake na gari likaganda kwenye kona. Rula akampita polepole, kwa adabu kabisa, jambo lililouma zaidi.

"Dada, umeishiwa mafuta?" Kitinda alitania. Halafu, akiwa bado anacheka, akasema kile alichokuwa amekuja nacho: "Sikiliza, usinielewe vibaya. Mashindano ya mwaka huu nimefikiria niingie na Rula. Wewe pumzika mwaka mmoja. Mashine yako imechoka."

"Hamna shida," Fundi alisema. "Mbona ni jambo dogo?"

Alikwenda jikoni, akafungua bomba, akasimama anatazama maji yanavyokwenda bure. Miaka sita. Na hakuwaza kwamba ni mashine. Aliwaza kwamba mtu amekuja na vifutio viwili akamchukulia mdogo wake.

Jumatano, siku tatu kabla ya mashindano, Rula alipita dukani saa ya mapumziko, laptopu kwapani. "Wifi, nisaidie. Imeniambia kuna draiva mpya ya kadi ya picha. Mimi naogopa kugusa, nisije nikaharibu. Wewe ndiye mwenye mkono."

Draiva ni ile programu inayoiongoza kadi, inayoiambia ichore nini na ichore vipi. Ikiwa nzuri, kadi inafanya kazi kwa raha. Ikiwa mbovu, kadi hata iwe na nguvu kiasi gani inababaika.

"Niachie," Fundi alisema. "Saa kumi pitia."

Alikaa nayo kwenye meza ya nyuma, kati ya boksi za vioo. Kwanza alitafuta siri ya kasi yake. Aliona mipangilio mingi asiyoielewa, na kutoelewa huko kukamtia hasira zaidi. Kisha, kwa utulivu uleule aliotumia kukata vioo, alifuta draiva iliyokuwamo, na mahali pake akaweka ya miaka miwili nyuma, ambayo wachezaji wengi waliilalamikia. Akazima pia ile huduma ya kujisasisha yenyewe, isije kompyuta ikajitibu. Alijaribu mchezo. Arobaini na tatu. Gari lilikuwa linarukaruka kama kijiti juu ya ngoma.

Alijiambia ni utani tu. Jumamosi watashindwa, Jumapili atairekebisha, atasema draiva mpya ilikuwa na hitilafu. Kitinda ataona kwamba hata mashine ya mkewe huchoka.

Saa kumi Rula alikuja, akamkumbatia. "Wifi, ningekuwa wapi bila wewe?"

Fundi alisema karibu, akageukia mashine yake.

Ijumaa mchana simu ya Mama ilimkuta dukani. "Umesikia ya mwenzio? Analia hapa tangu saa tano."

"Nani?"

"Rula. Leo si alikuwa na kile kikao chake cha zahanati? Amechora wodi ya wazazi miezi miwili. Amefika mbele ya kamati, amefungua ile picha ya kuzungukia ndani ya jengo, kompyuta ikazima kioo. Akaiwasha, ikazima. Mara tatu. Wamemwambia asante, wakamwita mwenzake aliyekuwa anangoja nje. Huyo ndiye waliyempa."

Fundi hakukumbuka kuaga. Kikao hicho alikuwa amekisikia. Rula alikitaja mara mbili mezani, yeye akiwa anamtazama tu na kuhesabu fremu kichwani. Alivua koti la kazi, akamwambia mwenye duka kuna jambo nyumbani, akaenda kwa miguu.

Rula alikuwa kwenye kochi la Mama, macho mekundu, michoro yake imekunjwa magotini. Kitinda alikuwa amepiga magoti mbele ya laptopu.

"Dada umekuja! Hebu iangalie," Kitinda alisema. "Mimi nimeshindwa."

"Mpishe wifi aketi," Rula alisema, akajisogeza kumpa nafasi. "Usijilaumu, wifi. Wewe umeweka tu kilichotakiwa. Hizi draiva mpya nazo."

Hapo Fundi alikuwa na mlango wazi wa kutokea. Angekaa, angerudisha draiva nzuri kwa dakika ishirini, wangemshukuru, na hakuna ambaye angejua mpaka kiama. Alikaa kweli. Akafungua mipangilio. Vidole vikagoma.

"Si mpya," alisema.

"Nini?"

"Draiva. Niliyokuwekea si mpya. Ni ya zamani, na nilijua ni mbovu. Niliiweka makusudi." Alikuwa anaongea na kibodi. "Nilitaka mshindwe kesho. Kikao sikukifikiria."

Mama akaweka chini alichokuwa ameshika.

"Makusudi kwa nini?" Kitinda aliuliza, sauti imekuwa ndogo kama alivyokuwa na miaka tisa.

"Kwa wivu," Fundi alisema. Hakukuwa na neno jingine la kuweka pale. "Nilimwonea wivu."

Rula hakupiga kelele. Aliifunga laptopu taratibu, akaitia kwenye begi, akakusanya michoro yake, karatasi moja baada ya nyingine, huku akihakikisha pembe zimelingana. Mlangoni alisema, "Wodi ile nilikuwa nimewawekea dirisha la upande wa jua la asubuhi. Huyo mwingine hakuweka." Akatoka. Kitinda alimfuata bila kumtazama dada yake.

Mashindano hayakuwaona. Siku ya Jumatatu Fundi aliandika barua kwa kamati ya zahanati, akaeleza kosa ni la nani, akaipeleka mwenyewe. Mwenyekiti aliisoma amesimama, akasema amesikitika, lakini kazi imeshatolewa na haiwezi kurudi nyuma. Fundi alirudi nayo hiyo habari kama ilivyo. Jumapili sebule ya Mama ilikuwa na watu wawili, na Mama hakuwa mtu wa mbio za magari.

Wiki ya sita, Rula aliingia peke yake, ameshika bisibisi ndogo.

"Sijaja kukuambia yameisha," alisema, akiwa bado wima. "Hasira ninayo. Ila nimechoka kuibeba kila Jumapili. Lete laptopu yako."

Aliigeuza, akafungua skrubu kumi, akainua kifuniko. Nyuma ya feni kulikuwa na vumbi lililoshikamana kama kipande cha blanketi.

"Wifi," Rula alisema, "hii ilikuwa inapumua kwa tundu moja la pua. Na wewe ukaiambia ikimbie zaidi."

Fundi, fundi wa ukoo mzima, aliona aibu kuliko siku ya kukiri. Rula alipuliza, akafuta kwa brashi, akapaka upya dawa ya kupoza joto juu ya kadi. Kisha akamwonyesha kwenye programu jinsi ya kuipa kadi umeme mdogo kwa kasi ileile, isipate joto jingi, isilazimike kujipunguza mwendo yenyewe. Kumbe ule umeme kidogo ulikuwa wa kweli, wala hakukuwa na dhihaka. Rula alikuwa amejifunza hivyo kwa sababu michoro mizito ilikuwa inamchomea magoti.

Walijaribu. Themanini na nne.

Fundi alisikia kitu kikimchoma kidogo, palepale pa zamani. Badala ya kukimeza, alikisema. "Wifi, bado naona wivu. Yako ni tisini."

Rula aliweka bisibisi mezani. "Unadhani mimi sioni? Kitinda akikata kona vizuri anasema, Dada alinifundisha hivi. Akipika wali usiungue, Dada alinifundisha. Siku ile kwenye mchezo nilikuwa nataka tu mara moja aseme jina langu."

Hawakukumbatiana. Rula alikunja mikono ya blauzi, wakacheza mizunguko mitano, wakagombana juu ya nani alimgonga nani.

Kitinda ndiye aliyechukua muda. Alimsalimia dada yake kwa kichwa mpaka mvua zikaja na kupita. Mwaka uliofuata fomu ya mashindano ilipotoka, mawifi wawili walijiandikisha pamoja bila kumwuliza. Walimaliza wa nne. Kitinda alikuwa amesema haji, lakini kwenye mzunguko wa mwisho Fundi alisikia sauti nyuma ya viti, sauti anayoijua, imeshakauka kwa kupiga kelele:

"Kulia, Dada! Kulia! Rula, mfungie huyo njia!"