Kopo Moja la Vidonge
...maana nusu ni nusu, nani atamlaumu kwa nusu, Verdiana alijiambia, mkono umebanwa na kitambaa cha kupimia presha, na Odera, mganga wa zahanati, anaminya kile kipira, fyu, fyu, "Tulia mama, usikaze mkono," atatulia vipi na mke mwenzake Kezia amemwacha nyumbani kashika mlango anahema kwa mdomo... tangu wahamie kijiji hiki cha ujamaa mume wao Machage alishatoa amri, kinachoingia bomani kigawanywe nyumba mbili sawasawa, sukari, mafuta ya taa, basi na dawa, wote wawili si wana presha? Vidonge vya Kezia vilikuwa vyeupe, vya kukojoza, kila saa anakimbilia vichakani, shamba zima la kijiji linamcheka, akavichukia, "Dada, tuchanganye," wakachanganya kopo moja na hivi vya pinki vya Verdiana, wakagawana, na ni tangu siku hiyo kifua kinambana Kezia... tangu siku hiyo hasa? Acha hizo, Kezia ana pumu toka usichana, vumbi lile, moshi ule... "Bado iko juu," Odera alisema, "unameza vyote?" Vyote, alijibu upesi, loo, upesi mno, "Basi nitakuongezea, viwili asubuhi, viwili jioni," viwili, kwa hiyo Kezia naye viwili, akapima tena, fyu, fyu, mbona mkono unakufa ganzi, na siku ile ya kwanza si Odera huyuhuyu aliuliza, una pumu mama? Hapana, akajibu. Afadhali, Odera akasema, hivi vya pinki vinambana mwenye pumu, kila mtu na dawa yake... alisikia. Alisikia vizuri kabisa, akaenda akagawa, kimoja wewe, kimoja mimi, Machage akamsifu mbele ya watu, mke mkubwa hana choyo, na yeye akafurahi, Mungu wangu, usiku anasikia kifua cha mwenzake kinapiga filimbi ng'ambo ya ukuta, asubuhi anagawa tena...
"Daktari, yule mwenzangu..." Odera hakusikia, mipira iko masikioni, macho kwenye saa ya presha, kitambaa bado kinabana. Verdiana akanyoosha mkono wa pili, akamchomoa mpira sikioni.
"Kezia anakunywa dawa yangu. Ana pumu, na mimi nilijua."