Uzi wa Pili

Utepe ule wa chuma ulitoka kwenye mita ya fundi seremala, wa manjano, namba zake bado zinasomeka. Émérance alikuwa ameukata, akauzungusha kwenye kisanduku cha kujaa viganja viwili, setilaiti ndogo aliyoiunda na wenzake, akaufunga kwa nailoni ya kuvulia. Kisanduku kikishafika juu angani, alimweleza babu yake, kiwaya kinachogusa nailoni kitapata moto, nailoni itakatika, na utepe utajikunjua wenyewe uwe antena. Bila antena kitazunguka huko bubu, basi.

Mzee Norbert alisikiliza kama mtu anayeota jua. Asubuhi hiyo mtaa wa Kilibula ulikuwa umetulia, ziwa limelala jeupe kama maziwa, na mizinga ya bondeni Ruzizi ilisikika laini, kama mtu anayetwanga mbali. Adhuhuri wenzake Émérance wangevuka kwenda Bujumbura kabla mpaka haujafungwa. Antena ikifunguka, angekwenda nayo. Ikigoma, wangechukua ya watu wengine.

Émérance akabonyeza swichi. Kiwaya kikawa chekundu, moshi ukatoka kidogo. Utepe haukusogea.

Émérance akainama. "Babu, nani aliongeza uzi ya pili huku?"

"Ni minye, jana. Niliona umeacha moja tu. Muvuvi gani anaamini uzi moja?"

"Babu weye! Minye nataka ikatike!"

"Eh! Basi weye ni muvuvi wa kwanza wa kuombea samaki atoroke."

Wakacheka, lakini mzee akabaki akitazama mikono yake. Mwaka wa uhuru alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Waasi walipokuja baadaye, mama yake alivuka naye ziwa kwa mtumbwi, amemfunga kiunoni pake kwa kamba ya wavu, mara mbili. Wimbi likawamwaga. Kamba ya kwanza ikakatika; ya pili ikamrudisha. Tangu hapo hakufunga kitu mara moja, awe mbuzi, uwe mlango.

"Mikono yako inajua fundo," Émérance alisema. "Funga weye. Moja tu."

Mzee akafungua uzi wa pili, akafunga mmoja. Msichana akabonyeza, na utepe ukaruka, ukasimama ukiyumba kama tete la ufukweni. Mzee akapiga kelele kama mtoto.

"Sasa ile ya safari, Babu."

Nje pikipiki ya kumpeleka mpakani ilishapiga honi. Norbert akakunja utepe, akapitisha nailoni, akalilowesha fundo kwa mate, akakaza. Mara moja. Émérance akabeba kisanduku kifuani, akatoka.

Vidole vya mzee viliendelea kuzunguka hewani, polepole, vikitafuta uzi.