Mkate Alioung'ata Muattar

Mimi sikutaka aende, na nililisema mbele ya ukoo mzima, nisije nikasingiziwa baadaye kwamba nilinuna chinichini. Muattar ni mke wa mwanangu Odil. Anafundisha hesabu kwenye shule iliyo nyuma ya soko letu hapa Margilan. Siku moja akarudi anameremeta, eti amechaguliwa kwenda kufundisha Korea muhula mmoja, na mwalimu wa huko atakuja kukaa kwetu na kushika darasa lake.

"Muhula mmoja tu, mama," akasema.

"Tu!" nikamjibu. "Hilo tu lako mimi nalijua. Lilishanichukulia mtoto."

Maana mwanangu mkubwa, Bahtiyor, alikwenda Urusi kujenga magorofa kwa miezi sita tu. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Ana mke huko na watoto ambao nimewaona kwenye simu, na kila sikukuu ananiambia, "Mwakani, mama, Mungu akipenda." Nami namjibu, "Utakavyoona mwenyewe, mwanangu," halafu nasema simu inakata. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nilikuwa nashtuka hata Muattar akichelewa kurudi kutoka sokoni.

Lakini Odil alimwunga mkono mkewe, kama kawaida yake. Muattar akisema mashariki, yeye ameshageuza shingo.

Siku ya safari niliwasha tanuri nikaoka mkate mmoja wa duara. Kwetu msafiri hatoki nyumbani bila kung'ata mkate. Anang'ata mara moja, na uliobaki unafungwa kwenye kitambaa, unatundikwa, haugusi mtu mpaka mwenyewe arudi aumalize. Riziki yake inabaki hapa, inamwita. Muattar ana mwanya mpana wa mbele, basi alipong'ata, katikati ya alama ya meno kikabaki kipande kimechomoza kama kidole. Ezoza, binti yake wa miaka saba, akakicheka, kisha akaanza kulia. Nikaufunga mkate nikautundika stoo, msumari wa pili kutoka mlangoni. Wa kwanza una mkate wa Bahtiyor. Ndiyo, bado upo, na msiniulize.

Wiki hiyohiyo akaja Mirae, mwalimu wa Kikorea. Mwembamba hata nikaona haya kwa niaba ya mama yake. Nilikusudia nisimpende, na wiki ya pili ikanishinda. Lugha yetu aliisomea vitabuni, akawa anamsalimu hata muuza nyama mkono kifuani, kwa heshima ya kumsalimia mkuu wa mkoa. Alisoma pia kwamba kwetu mkate hautupwi, basi kila tukimaliza kula anaokota makombo kwenye kitambaa cha mezani, moja moja, anayatia mdomoni.

"Mama Hurmat," aliniambia jioni moja, "watoto wa hapa wanajibu wote pamoja. Kelele! Mimi naogopa."

Na Muattar kwenye simu alilalamika kinyume chake. "Mama, hawa wamenyamaza mno. Nauliza swali, wananitazama tu. Naogopa."

"Basi badilishaneni tena," nikasema, na wote wakacheka isipokuwa mimi.

Mwanzoni Muattar alipiga kila siku. Kisha ikawa siku mbili zinapita, mara kuna kikao, mara amechoka, mara anasahihisha mitihani. Na jirani yangu Salomat, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika tangu tuwe wasichana, akaja kunipandishia presha.

"Wanasema walimu wazuri huko hawaachiwi," akasema. "Wanawekewa kila kitu mezani. Nani atarudi kwenye chaki ya Margilan?"

"Salomat, kunywa chai yako."

"Nakunywa. Nasema tu."

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Tangu siku ile roho yangu ikawa juu. Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, nilikuwa naingia stoo kukipapasa kile kitambaa. Nikigusa mkate ndani yake, naweza kuendelea na siku yangu.

Ikafika arusi ya binamu yake Odil. Tulikwenda sote, ila Mirae alikuwa na mafua akabaki. Tuliporudi alasiri nikaona kwenye kamba ya kuanikia nguo kitambaa kimefuliwa, kinadondosha maji. Nilikijua kile kitambaa.  Nikakimbia stoo, mimi na magoti yangu haya, nikakuta msumari wa pili mtupu.

"Mirae! Mkate uko wapi?"

Akatoka jikoni, pua nyekundu, uso umejaa tabasamu. "Nimekula, Mama Hurmat. Mlisahau makombo yenu huku. Mgumu sana! Nimelowesha kwenye chai. Mkate hautupwi."

"Umekula wote?"

"Wote, hata chembe haikubaki. Ule mwingine umenishinda, kama jiwe. Nitajaribu kesho."

Nikakaa juu ya gunia la unga.  Ezoza alikuwa amesimama mlangoni na gauni lake la kwendea arusini, na mtoto yule si mjinga.

"Bibi," akasema, "sasa mama harudi?"

Ndipo Mirae alipoona kuna jambo. Ezoza akamweleza mwenyewe, kwa sauti ya mtoto anayemweleza mtu mzima kitu ambacho kila mtu anakijua. Mirae akashika mdomo. Akapiga magoti pale kwenye sakafu, akawa anainamisha kichwa na kulia na kupiga chafya kwa pamoja. Nilitaka kumfokea mpaka mtaa mzima ukusanyike. Lakini nimfokee nini? Yule msichana alikuwa ameishika mila yetu kuliko sisi wenyewe.

"Inuka," nikamwambia. "Unaumwa, sakafu ni baridi."

Nikawaapisha Odil na Ezoza wasitamke neno kwenye simu. Na kama mkosi ulivyo, simu ikalia kabla hata hatujavua nguo za arusi. Muattar alikuwa kwenye kioo cha simu, amekonda, amekata nywele.

"Mama, wote mpo?" akasema. "Wameniomba nibaki, miaka miwili zaidi. Wanasema Odil na Ezoza wataweza kunifuata baadaye, labda. Kesho asubuhi lazima niwajibu."

Labda! Nyumba yangu imejaa "tu" na "labda". Odil akatazama zulia.

"Wewe unataka nini?" nikamwuliza.

"Sijui, mama. Hapa nina darasa lenye kila kitu. Watoto wameanza kunizoea, hata jana mmoja kanyoosha mkono. Nikitaka kusema ndiyo nawaza nyumbani, nikitaka kusema hapana nawaza darasa. Silali." Akafuta macho. "Halafu nikaukumbuka mkate wangu. Nionyeshe, mama. Nikiuona nitajua la kufanya."

Odil akanitazama mimi. Ezoza naye akanitazama. Nikanyanyuka.

Stoo nilisimama mbele ya mkate wa Bahtiyor, nikautoa kwenye msumari. Mkate ni mkate, nikajiambia, ule uling'atwa na huu umeng'atwa, na kwenye simu nani atajua? Fundo likakataa kufunguka, nikalivuta kwa meno. Nikarudi, nikaufunua mbele ya simu kidogo tu, kama mtu anayemwonyesha mgeni mtoto mchanga.

"Huu hapa. Haya, umeuona."

 Akasogeza uso.

"Mama," akasema taratibu, "huo hauna kidole. Huo ni wa kaka Bahtiyor."

Uwongo wangu haukudumu hata dakika. Nyuma ya mlango Mirae akaanza kulia upya. Nikaona yaishe.

"Wako umeliwa," nikasema. "Mgeni kadhani ni makombo, akaulowesha kwenye chai. Sasa nisikilize, Muattar, wala usinikatize. Huu nilioshika nimeulinda miaka kumi na moja. Panya hakuugusa, mdudu hakuugusa. Umemleta nani? Hakuna. Kwa hiyo usirudi kwa ajili ya mkate. Ukitaka kubaki, baki. Ezoza nitamlea na sitakulaani. Lakini mimi nataka urudi. Mimi Hurmat. Nakutaka hapa nyumbani. Huyu mumeo hajui hata kugombana, nimebaki nagombana na kuku."

Katika miaka yote aliyoolewa kwangu sikuwahi kumwambia neno kama lile. Hata Odil aliinua kichwa. Muattar alifunika uso kwa mikono, mabega yakawa yanamtikisika, nami sikujua kama analia au anacheka.

Alipoondoa mikono, alikuwa anafanya yote mawili.

"Mama, tanuri lako bado linawaka?"

"Linawaka nikitaka."

"Basi muhula ukiisha liwashe mapema. Nakuja. Ila nataka wa moto, sili mkavu mimi."

Ezoza akapiga kelele iliyosikika hadi kwa Salomat. Odil akaipokea simu akaenda nayo uani, aongee na mkewe peke yao, na mimi nikabaki sebuleni na mkate mkavu mapajani. Mirae akaja akakaa karibu yangu. Akaugusa kwa ncha ya kidole, akaitazama ile alama ya meno, pana, ya kijana mwenye njaa na haraka.

"Mama Hurmat," akanong'ona, "huu nao... tuwape ndege?"

Hakuwa na kosa. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema haujamleta mtu. Nikaukunja upya kwenye kitambaa chake, nikakaza fundo.

"Hapana," nikamwambia. "Mwenye huu sijawahi kumwambia kwamba namtaka nyumbani."

Nikamwita Odil. Akimaliza na mkewe, aniletee simu, anitafutie namba ya Bahtiyor.