Kikopo cha Ndugu Yake

Mama alikuwa anasuuza mashuka uani alipomsikia mwanawe mdogo, dereva wa lori, akimtania kaka yake dirishani.

"Unaniringia bure, kaka. Bila mimi ungempelekea daktari nini kwenye kile kikopo?"

"Funga domo lako," akasema mkubwa, mchomelea vyuma.

Shuka likamponyoka mama. Miaka sita mke wa huyu mkubwa, fundi cherehani, alikuwa akimezeshwa vidonge na kudungwa sindano. Mume kapimwa, mbegu zake safi, basi mbovu ni mke. Alhamisi hii alikuwa apasuliwe, mirija yake ya uzazi ikaguliwe. Na mama hakubaki nyuma. Mbele ya wageni alishamwambia mkwewe kwamba mti usiozaa hukatwa kuni.

Akaingia ndani, mikono inachuruzika povu. "Mbegu zilizopimwa ni za nani?"

Mdogo akajigusa kifua.

"Mama, mimi mwanamume," mkubwa akasema. "Ningeambiwa sina, ningeuweka wapi uso wangu?"

"Ukaona bora mwenzio aweke tumbo lake kwenye kisu. Vaa viatu."

Alimpeleka hospitali mwenyewe, akakaa nje ya mlango wa choo kama askari wa zamu, mpaka mwanawe akatoka na kikopo chake mwenyewe.

Majibu yalitoka Jumatano. Daktari hakuzunguka mbuyu. "Kwenye korodani kuna protini inayofinyanga mbegu, zipate kichwa na mkia. Yako ina hitilafu, umezaliwa nayo. Mbegu unazo, lakini vichwa ni vya mviringo na mikia ni vipande. Haziwezi kufika kwenye yai. Hilo si kosa lako. Kosa lako ni kuniletea za mwingine. Miaka sita nimemtibu asiyeumwa."

Mama alitamani kumzaba mwanawe kofi palepale. Nyumbani alimsukuma mbele. "Sema, kwa kinywa chako."

Akasema, macho sakafuni. Mkewe alisimamisha cherehani. Hakulia. Alivuta mkoba, akatoa karatasi ya upasuaji, akaichana vipande viwili.

"Sasa kawaambie wote uliowaachia wanisimange," akasema. "Nyumba kwa nyumba, nami nitakuwa nyuma yako nasikiliza. Na mama yako, aliyeniita mti wa kuni, yeye ana lipi la kuniambia?"

Mama akafungua mdomo.

"Mwanangu," akaanza.

"Bado sijawa mwanao," mkwe akasema. "Nasubiri."