Chumvi Chini ya Moto Mama

Nakutega, nawe usinikodolee macho ukitafuta jibu usoni kwangu: ninaye mgeni nyumbani, nikimpa kuni hucheka, nikimpa maji hununa, jioni namzika na asubuhi namfukua mzima. Nani huyo? Mbegu? Mbegu haili kuni, mpenzi wangu. Moto! Haya, umepata. Mji wako kaa nao, na juu yake nakuongeza nchi nzima.

Nchi hiyo ni Kivumbiko, iliyojinyoosha bondeni kama mtu aliyeshiba, magharibi yake mashamba ya mtama, mashariki yake ziwa ambalo chumvi yake huokotwa ukingoni kwa viganja, na katikati yake kilima kimoja kilichobeba Jumba la Cheche, jeupe, refu, lenye madirisha mengi yasiyofunguliwa. Ndani ya Jumba hilo uliwaka Moto Mama, ambao kwa mifereji ya udongo iliyofukiwa ardhini ulizaa moto wa kila jiko nchini, la tajiri na la maskini, hata watu wa Kivumbiko, waliobaki na kazi ya kutia kuni tu, wakasahau kupekecha vijiti, wakasahau kupuliza, na mtoto akiulizwa moto unatoka wapi akawa ananyoosha kidole kilimani kama anayeonyesha kibla. Wakuu wa Cheche, waliokuwa wakiulinda moto huo, walikuwa na ugonjwa mmoja: hawakupenda kitu kikae mahali pake. Kila baada ya mavuno saba walitangaza jiko jipya, na jiko la jana, hata kama bado linaivisha maharage vizuri, likaitwa gofu.

Desturi ya kusema na wakubwa ilikuwa moja tu. Jiko jipya likishatangazwa, vikapu hupitishwa mitaani. Aliyeridhika humpasia jirani kikapu bila kutia kitu, na mwenye lalamiko hutia ukufi wa chumvi, akilisema kimoyomoyo lile linalomkera. Wa kale waliona hiyo ni adabu, kwamba mkubwa akionja atajua palipozidi. Lakini wa kale walikufa, na kule kilimani maana ikafa pamoja nao. Karani wa Jumba alipoona vikapu vinapanda vimejaa, aliandika kwamba wananchi wamewakoleza wakuu wao kwa mapenzi. Chumvi ikamwagwa ghalani, chini ya sakafu ya Moto Mama, miaka nenda miaka rudi.

Basi mwaka mmoja Fundi Mkuu wa Cheche, Tarazaki, alishuka mwenyewe mpaka uwanja wa soko. Jiko hakuja nalo, maana lilikuwa halijamalizika. Alikuja na kitambaa kilichochorwa jiko, na watumishi wanne waliopunga vipepeo vya ukindu vilivyopakwa iliki na mdalasini, watu wakameza mate kwa chakula ambacho hakijapikwa.

"Jiko hili halina pembe," akatangaza. "Kila pembe imeviringwa kama shavu la mtoto."

"Na kabati langu la pembeni nilibandike wapi, shavuni?" akadakia mwanamke mmoja, uwanja ukaangua kicheko.

"Moto hautakaa tena kushoto. Utakaa katikati!"

Vijana wakapiga miluzi. "Hapo sawa!" akapaza sauti msichana aitwaye Tatu. "Jiko la bibi yangu linafanana na kaburi."

"Litawashauri mpike nini."

"Kushauri si kazi," akasema mchuuzi wa figo. "Nyama litanunua?"

"Na litakumbuka kila kilichopikwa, tangu siku ya kwanza."

"Mungu wangu," akaguna Mzee Mbaruku, "hata ile nyama ya mwezi ule?"

Mkewe akamgeukia taratibu. "Nyama gani, baba Sharifa?"

Nisiwapunje wale waliofurahi: walikuwepo, tena wengi. Mama mmoja mwenye watoto saba alilia kwa furaha aliposikia kwamba jiko litamkumbusha kuepua chungu, kwa sababu mtoto wake wa tatu alikwisha kuungua. Lakini Fundi Mkuu aliliacha la mwisho mpaka vipepeo vimechoka. Jiko jipya, akasema, linataka chumba cha hatua saba na jiwe jeusi mlangoni. Asiyekuwa navyo hatapewa. Na mtama ukishavunwa, mifereji ya majiko ya kale itazibwa.

Ndipo aliposimama Bi Mashavu, ambaye chumba chake cha kupikia kilikuwa cha hatua tatu na mlango wake haukuwa na jiwe la rangi yoyote. Mumewe, Sufiani, alikuwa amepofuka mwaka wa kumi na mbili sasa. Shamba liliondoka, ususi ukaondoka, kilichobaki mkononi mwake ni uji wa alfajiri, ambao aliupika peke yake, bila kuongozwa, figa kwa kupapasa, mwiko msumarini, moto kushoto.

"Fundi Mkuu," akasema Bi Mashavu, "kwa umri ningengoja shikamoo yako, kwa cheo sijui nani aanze. Mume wangu haoni. Moto ukiuzima, umemzima yeye. Ukiuhamisha katikati, ataungua. Mimi ni mjinga wa mambo ya kilimani, nakuuliza dogo tu: hilo jiko, wewe mwenyewe umelipikia nini?"

Fundi Mkuu akawatupia jicho watumishi wake. Watumishi wakakumbuka kupunga vipepeo.

"Kila maoni yanathaminiwa," akasema. "Vikapu vinapita."

Vikapu vikapita. Mwaka huo chumvi haikutiwa kwa ukufi bali kwa beseni. Watu walikwenda ziwani kwa makundi, na hata Tatu na wenziwe, walipopima vyumba vya bibi zao kwa miguu na kuona havitoshi, walirudi wamejitwika. Wabebaji walipanda kilima wamepinda migongo. Karani akaandika: "Hawajawahi kutupenda namna hii."

Mtama ukavunwa. Mbiu ikapigwa kwamba kesho adhuhuri mafundi watapita na udongo wa kuzibia.

"Mke wangu," akasema Sufiani, "niletee majivu."

"Ya nini tena?"

"Marehemu mama alikuwa halali bila kuuzika moto. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia kopo. Nikikaa nikifikiri sikumbuki kitu, lakini nipe majivu nione mkono unasemaje."

Akachimba kishimo ubavuni mwa figa, akateua makaa kwa kuyasikiliza yanavyolia, akayalaza, akayafunika kama mtu anayemfunika mtoto asimwamshe. Adhuhuri mafundi wakaja, wakaziba, wakaomba radhi kwa usumbufu, wakaenda zao.

Alfajiri Bi Mashavu alisimama mlangoni, kaniki yake ameiuma kwa meno. Sufiani alifukua kwa vidole. Akapuliza, kijivu. Akapuliza, kijivu. Bi Mashavu alitaka kusema basi, baba, inatosha, tutakula viporo, lakini alimwona mzee amelaza shavu karibu na majivu, anatabasamu. Alikuwa amekwisha kuhisi joto ambalo jicho bado halijaliona. Akapuliza mara ya tatu, kaa jekundu likafumbuka.

Siku hiyo walikula uji wenye moshi. Siku ya pili jirani alikuja na kigae kuomba kaa. Siku ya tatu walikuja mtaa mzima, kila mmoja na kigae chake, na Sufiani akiwatambua kwa nyayo.

"Huyu anayekanyaga kama anakimbiza kuku ni Tatu."

"Naomba moto, babu."

"Si ulisema jiko la bibi yako ni kaburi?"

"Nilisema, babu. Nisamehe."

"Chukua ukafufue."

Mitaa ya vyumba vikubwa ilikuwa na majiko mapya, na kwa miezi miwili yalipika vizuri, nisiseme uongo. Kisha masika yakaja. Chumvi na maji ni ndugu, wakisikiana harufu hutafutana. Ghala lililokuwa chini ya Moto Mama likaanza kutoa jasho, sakafu ikalia, kuta nyeupe zikavimba na kubambuka kama ngozi ya mgonjwa wa surua, mifereji ikamomonyoka kuanzia kichwani. Moto Mama akakohoa siku mbili, kisha akanyamaza. Yale majiko mapya, baridi kama kisigino cha maiti, yakaendelea kushauri pilau.

Siku ya nne tangu Moto Mama anyamaze, asubuhi, mvua ikiwa bado inanyesha, mstari wa watu mlangoni kwa Bi Mashavu uligeuka nyuma. Nyuma ya wote alikuwa amesimama mwanamume mwenye joho lililolowa, mkononi kigae kilichovunjika vibaya, kinachoonyesha kwamba aliyekivunja hajui vigae huvunjwaje. Hakuna aliyempisha, wala hakuna aliyemfukuza. Akasogea hatua kwa hatua kama wengine mpaka akafika.

"Huyu nani?" akauliza Sufiani. "Nyayo hizi sizijui."

"Ni mimi, mzee. Tarazaki wa kilimani. Naomba moto."

Mkono wa Sufiani ukaning'inia juu ya majivu. Akaugeuza uso wake upande alikosikia mwiko.

"Mama, huyu si ndiye uliyemuuliza kitu?"

"Ndiye," akasema Bi Mashavu, hakuacha kukoroga. "Nami nangoja mpaka leo."

Fundi Mkuu akatazama mafiga matatu, akatazama sufuria, akatazama masizi ya ukutani yaliyokuwa na alama ya kiganja kimoja, mahali pamoja, mara elfu. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini jikoni mle kila mgeni hutokwa machozi.

"Sijapika kitu, mama," akasema. "Sijawahi kupika."