Maziwa ya Malkia Mbele ya Kamera

Chwii, chwii, chwii. Nilikuwa bado kitandani, gizani, nikisikia maziwa yakigonga ndoo upande wa pili wa ukuta, na nikatabasamu kama kila alfajiri. Halafu nikaruka. Leo ng'ombe wetu Malkia hakutakiwa kukamuliwa alfajiri. Saa mbili asubuhi watu wa tamthilia walikuwa wanakuja hapa kwetu Kiamunyi kumrekodi akikamuliwa, na jana nilimwambia Weldon mara tatu.

Nilimkuta mume wangu kwenye kigoda, ndoo imejaa, povu juu. Alinitazama, akaitazama ndoo.

"Mama Emmy," akasema polepole, "mikono ilijiendea."

"Na kichwa kilikuwa wapi?"

"Kilikuwa kimelala."

Nilitaka kukasirika, kicheko kikanitangulia. Nilicheka hadi nikashika mlango. Ila moyoni nilikuwa na hofu. Mwaka mzima nimesoma afya ya mifugo jioni kule mjini, Emmy akilala mapajani mwangu darasani, na hii ndiyo kazi yangu ya kwanza: mtunzaji wa wanyama kwenye tamthilia. Fomu ya kazi ilisema mimi ndiye wa kusema "imetosha", na nikisema, kamera inazimwa. Leo walikuwa wananijaribu. Wakiridhika, ningeendelea nao vipindi vyote kumi na vitatu.

Wakafika. Mwongozaji aliitwa Kihara, kijana mwenye kofia ya ukindu na haraka nyingi. Mwigizaji wake, Celestine, akaketi kwenye kigoda, akavuta chuchu. Hakuna kitu. Akavuta tena. Malkia akageuza shingo kumtazama, kama mteja anayemwangalia kinyozi mgeni.

Ikabidi niseme ukweli kuhusu mikono ya Weldon. Wote wakacheka isipokuwa Kihara.

"Boss, hana maziwa hadi jioni," nikamwambia.

"Mathe, jioni tuko kwingine. Si kuna sindano ya kuyashusha?"

"Ipo. Hachomwi."

"Basi avutwe tu, hata matone."

Celestine akavuta kwa nguvu. Malkia akainua mguu, ngozi ikamtetemeka mgongoni.

"Imetosha," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Celestine akaachilia mara moja, na nadhani alifurahi kuachilia.

Kihara akavua kofia, akaivaa tena. "Kwa jirani kuna ng'ombe. Hata watunzaji wengine wako."

Niliona vipindi kumi na vitatu vikitoka getini kwa mstari mmoja. "Sawa," nikasema. "Lakini huyu havutwi tena."

Nikainama kuondoa ndoo ya Weldon njiani, nikaona povu, na wazo likanijia kwa kasi hadi nikaanza kucheka peke yangu. Kwenye mkoba wangu wa darasani kulikuwa na glavu za mpira. Nikajaza moja maziwa, nikaifunga, nikatoboa kidole kimoja kwa sindano ya kushonea.

"Mtu apige magoti upande ule," nikaeleza, "aishike glavu chini ya tumbo, mbali na kiwele. Celestine akamue kidole. Mkono wake utaificha."

"Nani apige magoti?" Kihara akauliza.

Wote wakamtazama yeye.

Akapiga magoti kwenye samadi. Weldon akampa Malkia majani, kamera ikawashwa, Celestine akakamua kidole cha mpira, na chwii, maziwa yakaingia ndooni kama ya kweli, maana yalikuwa ya kweli. Mpiga picha alikuwa anatetemeka kwa kicheko. Hapo Malkia akamaliza majani, akanyoosha shingo nyuma, akaanza kuila kofia ya mwongozaji.

"Usisimame, boss," Celestine akanong'ona.

Niliipokonya kofia ikiwa nusu, kwa ajili ya tumbo la Malkia wala si kwa ajili ya kichwa cha Kihara.

Wakarudia mara moja tu. Nikasema imetosha, na safari hii hakuna aliyebisha. Kihara akasimama, magoti kijani, akatazama picha kwenye kioo cha kamera, na hatimaye naye akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Jumatatu tuko Salgaa na punda watatu," akaniambia. "Mmoja ni mkali. Utakuja?"

Nikafungua mdomo kujibu kama msomi. Emmy wangu wa miaka minne akanishika sketi, akamtazama Kihara.

"Mama atakuja na mimi," akasema.