Dakika Kumi Mlangoni

Nilisikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu upande wa pili wa mlango. Kwaruu, kimya. Kwaruu, kimya. Nikatazama saa ya simu: dakika ya nane. Nikabana kikohozi, nikaielekeza kamera kwenye mlango ule wa kahawia uliofungwa, na ilipotimia ya kumi nikapiga picha. Kisha nikashuka ngazi na chakula cha mtu, nikinyata kama mwizi. Kama? Nilikuwa mwizi, mchana kweupe.

Gari lililotokana na ngazi zile ninalo hadi leo. Watu wakiniuliza nimelipataje, nawaambia nilipambana. Wananipongeza, nami nawashukuru. Mke wangu hulipanda pale tu anapokosa njia nyingine.

Mwaka ule nilikuwa karani wa stoo katika chuo cha ushonaji. Nikitoka kazini saa sita, navaa koti la plastiki, nabeba begi kubwa mgongoni na kusambaza chakula cha mgahawa kwa baiskeli mpaka saa kumi. Gari lilikuwa la shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi wa magari. Lilikuwa kuukuu, mlango mmoja rangi yake na mingine rangi yake, lakini injini nzima. Mke wangu alikuwa amepata kazi ya kushona sare za shule tatu nje ya mji, na bila gari la kuzifikisha kabla shule hazijafunguliwa, kazi ingekwenda kwa mwingine. Shemeji alinipa mpaka mwisho wa mwezi niwe nimelilipia.

“Kuna mtu ana pesa mkononi, shemeji,” alisema, akifuta mikono kwa tambara chafu kuliko mikono yenyewe. “Wewe nakungoja kwa sababu ya dada yangu tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.”

Nikainama.

Sikuwahi kujua watu wanaweza kutia kinyaa kiasi kile. Walinifungulia na taulo kiunoni, povu la dawa ya meno mdomoni. Mmoja alipokea chakula kwa mkono uleule aliokuwa akijikunia kwapa, halafu akaniambia mimi ndiye ninanuka. Na alisema kweli. Mafuta ya kukaangia yalikuwa yameingia kwenye begi, kwenye koti, kwenye nywele. Hata mate yangu yalikuwa na ladha ya vitunguu vya watu. Niliwachukia wateja wote, na chuki ile ilinifaa sana. Ukishamdharau mtu, kumwibia si kazi.

Mama mwenye mgahawa alikuwa na sheria yake: gonga, subiri dakika kumi, mteja asipofungua piga picha ya mlango, ondoka. Malipo ya safari unapata, na chakula ni chako. Sisi wasambazaji tulikiita chakula yatima, na tulitaniana nani kaokota yatima wangapi wiki hii. Wa kwanza niliwapata kihalali. Kisha nikaanza kuwatengeneza, kwa mzee wa ghorofa ya nne.

Mzee alikuwa amelipiwa chakula cha mchana cha mwezi mzima, na mguu wake mmoja ulikuwa umepooza; alitembea kwa kusukuma kiti. Siku ya kwanza nilimngoja robo saa, nikawachelewesha wengine wawili, nikafokewa kama mtoto. Siku ya pili sikungoja zaidi ya dakika kumi. Nyumbani watoto walikula wakashiba, na pesa ya sokoni ikaenda kwa shemeji. Nikaona njia. Siku moja nilikuwa nimeshafika ghorofa ya tatu nilipokisikia kitasa kikizungushwa kule juu, na sauti ikiita, “Mwanangu?” Sikugeuka.

Kila mara, kabla ya kuingia ndani kwangu, nilihamishia chakula kwenye sufuria niliyoibeba begini na boksi nikalitupa jalalani. Ijumaa moja mvua ilinikimbiza, nikasahau. Mke wangu aliwapakulia watoto, naye akaketi, akatia tonge mdomoni. Alipotaka kufunika boksi nzi wasiingie, akaona maandishi ya kalamu nzito kwenye kifuniko, mwandiko wa mama wa mgahawa: ANATEMBEA KWA SHIDA. MNGOJE.

Akaacha kutafuna.

“Baba watoto, hii uliisoma?”

Ningeweza kusema sikuiona. Alikuwa ananiombea niseme hivyo, nilimwona machoni.

“Niliisoma.”

Akatema tonge kwenye kiganja. Hakupiga kelele. Aliwapokonya watoto sahani, wakaanza kulia, naye akawa anawafuta midomo kwa nguvu kana kwamba wamelamba sumu.

“Sare sizitaki tena,” alisema bila kunitazama. “Kesho utamngoja afungue. Hata akifungua saa kumi na mbili. Na umwambie.”

Kesho yake nilipanda nikiwa nimejiandaa. Nilipanga maneno ghorofa kwa ghorofa: mzee wangu, nimekukosea, ni mimi. Nikabonyeza kengele, na mlango ukafunguka papo hapo. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake nyuma tu ya mlango, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, jasho linamtiririka.

“Leo nimekuwahi!” alisema, akacheka kwa furaha. “Nimekaa hapa tangu saa tatu. Unisamehe, mwanangu, nimekupandisha ngazi bure siku zote hizo. Binti yangu ndiye analipia, na sijamwambia kitu. Akijua, ataona sijiwezi, aje anihamishe.”

Alinyoosha mikono yote miwili. Nikampa boksi, akalikumbatia kifuani lilivyo la moto, na tumbo lake likanguruma hata nikalisikia. Maneno yangu yalikuwa yamefika mdomoni. Lakini mama wa mgahawa akijua angenifukuza, na mwezi ulikuwa umebakiza siku nne. Mzee alikuwa bado ananitazama, anangoja jibu.

“Usijali, mzee,” nikamwambia. “Nimekusamehe.”